Mzigo Una Lakiri, Mtoto Hana

Pale Mpemba, kabla hujaingia Tunduma mjini ukitokea Vwawa, kuna mizani. Lori linalokwenda Zambia au Kongo lazima lipande, na likizidisha uzito dereva atajuta. Mzigo wenyewe umefungwa lakiri ya kielektroniki tangu bandarini Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 900 kutoka hapa, na kuna mtu amekaa ofisini mbele ya kompyuta anayeona kama gari limelala Makambako au limechepuka njia isiyoruhusiwa. Nayajua haya kwa sababu baba watoto ni dereva wa malori ya masafa marefu. Kuna usiku nilimpigia hapatikani, nikampigia bosi wake, nikajibiwa papo hapo: "Mama, ondoa hofu, gari liko Mpika, limesimama tangu jioni." Bosi alikuwa anazungumzia gari. Nikaridhika, maana dereva huwa halali mbali na gari lake.

Barabara hiyohiyo, siku hiyohiyo, linapita basi. Basi nalo hupandishwa mizani, kwa kuwa lami inalindwa, lakini mizani haiulizi ni watoto wangapi wamepakatwa. Ndani yumo mama mwenye watoto watatu kwenye siti moja na nusu. Tiketi ni moja na jina ni moja, la mama. Likitokea la kutokea, watoto wale watatangazwa redioni kuwa ni watoto ambao majina yao hayajafahamika mara moja. Ninachotaka kukisema leo ni hicho. Mkoa wetu wa Songwe umejengwa kwa ajili ya mzigo, na kwa mzigo umejengwa vizuri. Abiria mdogo hajafikiriwa.

Wala si jambo la jana. Mwaka 1881 tajiri mmoja wa Uskoti, James Stevenson, alianza kutoa fedha ili ikatwe barabara ya kuunganisha Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika, bidhaa za wafanyabiashara na za wamisionari zipite. Mwaka 1890 Wajerumani na Waingereza walipokaa mezani kugawana nchi zisizo zao, mstari ulipangwa ili barabara hiyo ibaki upande wa Waingereza. Ndiyo sababu mpaka uko hapa ulipo. Wanyamwanga waliokuwa wakilima na kuzikana kwenye ardhi hii hawakuulizwa chochote. Leo shangazi yake mume wangu yuko Nakonde, wilaya ambayo Wanyamwanga wake wana chifu mwanamke, Nawaitwika, na sisi tuko Sogea chini ya Halmashauri ya Mji wa Tunduma. Lugha ni moja. Makaburi ya ukoo yako upande ule.

Kwa hiyo kwa mama wa Tunduma, kuvuka kwenda nchi nyingine si utalii. Ni kwenda msibani, kwenda kuona mzazi mpya, kufuata kitchen party ya binamu (hilo tumeliacha na jina lake la Kizungu, sijui kwa nini), au kwenda kununua kitu ambacho upande ule kimeshuka bei wiki hii na wiki ijayo kitakuwa kimepanda huku. Zipo nyumba ambazo uani mwake ni Zambia na barazani ni Tanzania. Watoto wanakua wakijua kubadili kwacha kabla hawajajua jedwali la saba. Kifungua mimba wangu alipokuwa darasa la tatu alimsahihisha mpiga chenji mtu mzima mbele ya wenzake, na yule baba akacheka akamwongezea noti moja. Wa kati yeye mapenzi yake ni kikanda, ule mkate wa mizizi ya okidi uliosagwa na karanga, ambao wenzetu wa Zambia wanaupenda kiasi kwamba mizizi inachimbwa mpaka milima ya Njombe na Mbeya na kupitishwa hapa kwa magunia. Hifadhi ya Kitulo ilipotangazwa mwaka 2005, mojawapo ya sababu ilikuwa kuokoa maua hayo. Mwanangu halijui hilo. Anachojua ni kwamba shangazi akikata kipande, kinanuka pilipili.

Oktoba 5, 2019, Rais Magufuli na Rais Lungu walifungua Kituo cha Huduma za Pamoja Mpakani, Tunduma na Nakonde. Sitaki niwe mtu wa kulaumu kila kitu. Kituo kimesaidia, na wenye malori watakwambia. Zamani mume wangu aligongewa mihuri huku, akasogea, akaanza upya kule. Sasa ni jengo moja kwa kila mwelekeo. Lakini tazama nani alitakiwa kurahisishiwa. Tafuta mahali ambapo mama mwenye mtoto wa miezi minne anaweza kukaa anyonyeshe huku foleni ikisogea. Mwulize mama anayetaka kwenda kuzika na watoto watatu kesho asubuhi anahitaji karatasi gani kwa ajili yao. Kuna atakayemwambia pasipoti, ambayo tangu ilipokuwa ya kielektroniki mwaka 2018 ni shilingi 150,000 kwa kila mmoja. Kuna atakayemwambia hati ya dharura, na kuna atakayemwambia apite tu, mbona watoto. Maiti haisubiri mjadala huo. Mama anazunguka nyuma ya nyumba za watu, anapita njia ya panya na wanawe mkononi, na anafika kwa shangazi kabla chai haijapoa.

Nasema wazi kwamba siipendi njia hiyo. Mtoto anayefundishwa kuwa mpaka unavukwa kwa kuchungulia kwanza kama askari yupo, kesho atapitishwa hapohapo na mtu asiye mama yake. Wanaosafirisha watoto kwenda kufanyishwa kazi wanaijua njia ya panya kuliko sisi. Na karatasi ya kuanzia tunayo. Mpango wa kusajili watoto wa chini ya miaka 5 na kuwapa cheti cha kuzaliwa bure, kwenye zahanati na ofisi za kata, wakala wa usajili, RITA, waliuleta mkoani Mbeya mwaka 2013, wakati Songwe hii ikiwa bado ndani ya Mbeya. Mkoa wetu ulizaliwa baadaye, mwaka 2016. Watoto wengi wa rika la wanangu wana cheti kile. Kinachoshindikana ni nini kukitumia kutoa kadi ndogo ya mpakani ya mtoto, yenye picha na jina la mzazi, kwa bei ya daftari kubwa? Serikali mbili zilizokubaliana namna ya kukagua tenki la mafuta haziwezi kushindwa kukubaliana namna ya kumtambua mtoto wa darasa la pili.

Aliyesahau ni nani anatangulizwa hapa akumbuke Mei 2020. Wagonjwa wa korona walipoongezeka ghafla Nakonde, Zambia ilifunga mpaka tarehe 11. Baada ya siku chache ulifunguliwa, kwa mizigo kwanza. Naelewa, Lubumbashi isingekosa mafuta kwa sababu mimi nataka kumwona shangazi. Lakini kwa muda ule tulijua thamani yetu kwenye foleni.

Nije kwenye imani, maana bila hiyo nitakuwa nimeeleza nusu ya maisha yetu. Mimi ni Mmoravian, na sioni haya kusema kwamba nyumba yangu inasimama kwa maombi. Wamoravian walifika Rungwe mwaka 1891, na kanisa letu duniani lina desturi ya neno la kila siku, kijitabu ambacho kilianza kuchapwa Herrnhut, Ujerumani, mwaka 1731. Jioni tunasoma neno la siku hiyo. Mume akiwa kwenye foleni ya mpaka wa Kasumbalesa, naweka simu spika juu ya meza, katikati ya sufuria ya maharage na madaftari ya hesabu, tunaomba pamoja naye. Kitindamimba ndiye huchelewesha chakula, kwa sababu anaombea gari la baba tairi moja moja, na lori lina tairi nyingi. Baba yake kule anaitikia amina kila tairi. Kaka mtu alipomwambia aombee tairi zote kwa mkupuo, alijibiwa kwamba ikipasuka moja itakuwa ni ile iliyorukwa. Pasaka tunaamka kabla ya jogoo kwenda ibada ya alfajiri makaburini, na hapo ndipo watoto walipowajua babu zao ambao hawakuwahi kuwaona: kwa kuonyeshwa misalaba yao gizani, na tochi.

Kwa hiyo nikisema jambo kuhusu maombi ya kwenye basi, nisieleweke kama mtu aliyepoa. Mnayajua. Basi halijatoka stendi, mtu anasimama mbele, anasema tufumbe macho. Tunafumba, na mimi huongeza ombi langu la siri kwamba dereva asifumbe. Damu ya Yesu inamwagwa juu ya injini, juu ya usukani, kila roho ya ajali inakemewa kwa jina. Mama wa Kiislamu aliyekaa pembeni yangu amekwisha soma dua yake ya safari kimya kimya, ananisogezea mtoto wake nimshike ili afunge mkoba. Baada ya amina inapita kofia ya sadaka, halafu mtumishi anashuka. Hasafiri. Tunaosafiri ni sisi, na tairi la nyuma lina kipara cha kumzidi babu yangu.

Tunalikabidhi kwa Mungu basi ambalo hakuna kati yetu aliyeliuliza swali. Hakuna aliyesema, "Konda, mikanda iko wapi?" Kukiwa na mikanda, imechomekwa chini ya kiti, imeganda kwa matapishi ya safari zilizopita. Tukifika Mlima Senjele, kule Mbozi, mahali ambapo ajali zimetokea mara nyingi kiasi kwamba abiria hunyamaza wenyewe bila kuambiwa, mama anamkumbatia mtoto kwa mikono miwili na kuamini kwamba mikono inatosha. Haitoshi. Gari likigonga kitu katika mwendo wa kilomita 60 kwa saa, mtoto wa kilo kumi anachomoka kifuani kwa nguvu ambayo hata mbeba magunia wa Soko la Manzese hawezi kuizuia. Kisha tunakutana msibani tunaambiana kazi ya Mungu haina makosa. Ni kweli, haina. Breki zilizofungwa na fundi wa kubahatisha zina makosa, na mwendo wa dereva aliyekesha nao una makosa. Wachungaji wangu, nawaomba mtusaidie kuyatenganisha hayo mawili madhabahuni, kwa sababu mkiyachanganya nyinyi, mwenye basi analala usingizi mzuri.

Safari moja tulikuwa tunarudi kutoka kijijini. Basi silitaji. Nilikuwa na watoto wote watatu na gunia la maharage tuliyopewa na mama mkwe. Nilikata siti mbili, ndizo nilizoziweza. Konda akapanga: "Mama, mpakate huyo mdogo, huyo wa kati atakaa hapa," na akageuza ndoo ya rangi katikati ya njia. Nikauliza kama ndoo ina mkanda. Watu wakacheka, naye akacheka, hakuwa kijana mbaya. Kisha akageukia gunia langu. Lile lilipimwa kwa macho, likaandikiwa tiketi ya mzigo yenye namba, na namba hiyohiyo ikaandikwa kwa kalamu nene ubavuni mwa gunia. "Usiipoteze hiyo, mama, bila hiyo hupewi mzigo." Maharage yalikuwa na tiketi. Mwanangu aliyekaa kwenye ndoo hakuwa nayo.

Najua jibu la wenye mabasi, na si jibu la kipuuzi. Wanasema kila siti ina gharama, na mama mwenyewe ndiye anayeomba watoto wapande bure. Ni kweli tunaomba. Mwanamke mwenye watoto watatu anayeuza nyanya Majengo, akitakiwa kulipia siti nne nauli ya mtu mzima hadi Mbeya na kurudi, hasafiri. Atawaacha watoto kwa jirani, au ataingia kwenye Noah iliyojaza watu mpaka kwenye buti, na huko hakuna hata ndoo. Kwa hiyo suluhisho si kumkaripia mama. LATRA, ambayo kazi yake ni kupanga nauli, iweke nauli ya mtoto iliyo chini ya ile ya mtu mzima na inayompa siti yake mwenyewe, na tiketi iandikwe jina lake. Mwenye basi atakuwa amelipwa kitu, mama atakuwa ameweza, na mtoto atakuwa amehesabiwa. Sheria ya Usalama Barabarani tunayoitegemea ni ya mwaka 1973, wakati Wachina na watu wetu wakiwa bado wanatandika reli ya TAZARA. Haikumwekea mtoto kiti kinacholingana na umri wake, na wanaharakati, wakiwemo wanawake wanasheria wa TAWLA, wamekuwa wakipiga kelele irekebishwe. Waungwe mkono na wanawake wa mpakani pia, si wale wa semina za Dodoma peke yao.

Nimetaja reli. Kwa mama mwenye watoto, hakuna chombo kilichowahi kuwa rafiki kama treni. Mtoto anasimama, anatembea, anachungulia dirishani, anakwenda chooni bila basi zima kusimamishwa tukachimbe dawa porini, wanawake upande huu na wanaume upande ule, malori yakitupigia honi. Reli ile ina kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi New Kapiri Mposhi, na inapita hapa Tunduma. Nilipokuwa msichana mama yangu hakujua njia nyingine ya kwenda kwa dada yake. Septemba 2025 ulisainiwa mkataba wa dola bilioni 1.4 na kampuni ya Kichina, CCECC, wa kuifufua, na katika mazungumzo yote niliyoyasikia vijiweni neno lililotawala ni shaba. Shaba isafiri, ni riziki yetu. Mabehewa ya abiria nayo yaulizwe mapema, kabla ratiba haijajaa.

Si kila safari ni msiba. Likizo moja niliwapeleka kuona kimondo, kule Ndolezi, Mbozi. Wenye mkoa wengi hatujafika, tunasubiri wageni. Ni chuma kutoka angani, tani 16 hivi, kimelala kwenye mteremko wa Mlima Marengi, kilichotangazwa duniani na mpima ardhi mwaka 1930, kisha kikachimbwa pembeni ndipo ukubwa wake ukaonekana. Wanangu walikipapasa, wakashangaa jinsi kilivyo cha baridi wakati jua linachoma. Wa kati aliuliza kama Mungu alikitupa kwa hasira au kilimponyoka. Nikamwambia amwulize baba yake jioni kwenye simu, na baba yake akasema huenda hakikufungwa vizuri na turubai. Jibu la dereva hilo. Kimondo kiko chini ya Mamlaka ya Hifadhi ya Ngorongoro, kuna mlinzi, kuna kiingilio, kuna kibao cha maelezo. Nimefurahi kinatunzwa. Niliporudi barabarani kusubiri gari na watoto wangu, hapakuwa na kivuli, benchi wala choo, na huo ndio mkoa wangu: chuma kilichokwisha anguka kina mlinzi.

Na tukiwa bado kwenye matembezi, usiwadanganye watoto wako kwamba utawapeleka kuona ndege Songwe ukadhani mtabaki mkoani. Uwanja wa Ndege wa Songwe uko Mbeya. Niliulizwa maswali njia nzima.

Kuhusu safari za mabasi za usiku, zilizoruhusiwa tena Oktoba 2023 baada ya kuzuiwa kwa miaka mingi, nitasema kwa kifupi. Mfanyabiashara zimemfaa. Mimi sipandi na watoto usiku kwenye barabara yenye malori mengi kama hii, njia moja kwenda na moja kurudi, mpaka ipanuliwe. Kila mzazi ana akili zake.

Halmashauri ya Mji wa Tunduma inakusanya ushuru kwenye maegesho, masoko na stendi, na mji huu sasa una watu zaidi ya laki mbili. Naiomba itenge sehemu ndogo ya fedha hiyo kwa choo safi cha wanawake na watoto stendi, na kibanda chenye benchi karibu na mpaka ambapo mama atanyonyesha bila kusukumwa na mikokoteni. Wabunge wa mkoa huu naomba waiulize serikali bungeni kuhusu siti ya mtoto na kadi ya mtoto ya mpakani, wakitaja Senjele kwa jina. Na wewe mama mwenzangu, safari ijayo konda akikuandikia tiketi ya gunia, mwambie aandike na ya mtoto kwanza, jina kamili, na usipande mpaka aandike.